Kabla ya Kidonge, Kipimo

Fundi alitengeneza redio kwenye kibanda kilichokuwa mbele ya nyumba yake. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtaa mzima uliwaita hivyo hivyo, Fundi na Mwalimu, na wao wenyewe waliitana hivyo. Walikuwa na binti mmoja, aliyesoma kidato cha pili.

Kila alasiri Mwalimu alirudi kutoka shuleni na madaftari kwapani. Hata kabla hajavua viatu, maneno yalikuwa yameshaanza.

"Watoto thelathini na wanane," angesema, "na leo wote wameandika herufi 'm' vizuri. Mmoja tu kaigeuza miguu juu. Namwambia, mwanangu, hiyo imelala chali!"

Fundi alicheka huku ameinamia kazi yake. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyekuwa na maneno ya nyumba nzima alikuwa mkewe.

Kisha kikohozi kikaingia.

Mwanzoni walisema ni vumbi la chaki. Wiki ya tatu wakasema ni mafua yasiyotaka kutoka. Mwalimu alikunywa dawa ya kikohozi ya duka la dawa, chupa mbili. Kikohozi kikabaki palepale. Hospitali ya mji wao ikampima kifua kikuu, hakikuwepo. Kikohozi kilipoingia mwezi wa tatu, Mwalimu alishindwa kumaliza hadithi darasani bila kushika ukingo wa meza. Ndipo alipopigwa picha ya kifua. Picha ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, na maji pembeni yake.

Alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, safari ya nusu siku. Fundi alimsindikiza. Huko walimchoma sindano ndefu kifuani, wakatoa kipande kidogo cha uvimbe. Jibu lilirudi: saratani ya mapafu.

"Lakini mimi sijawahi kuvuta sigara," Mwalimu alimwambia daktari. "Hata kuishika sijaishika."

"Najua, mama," daktari alijibu. "Wengi wanaougua hii wamevuta. Lakini hata asiyevuta anaweza kuipata. Usitafute kosa lako. Hukukosea."

Kaka yake Mwalimu aliishi karibu na hospitali hiyo. Ikaamuliwa Mwalimu abaki kwake mpaka matibabu yaanze. Fundi alirudi nyumbani peke yake, maana binti alikuwa na shule na kibanda kilikuwa na kazi za watu.

Nyumba ikampwaya kama shati la kuazima.

Alichemsha chai ya watu watatu, na kila asubuhi binti yake aliirudisha ile ya ziada kwenye birika. Kitandani alilala upande wake, ukingoni kabisa, akaacha upande wa pili wazi. Alasiri ilipofika, saa ile ya Mwalimu kurudi, Fundi aliinua macho barabarani. Alijua hakuna anayekuja. Macho yake hayakujua. Yaliinuka tu.

Watoto wa darasa la kwanza walipita kibandani wakitoka shule.

"Mwalimu wetu anarudi lini?"

"Karibu."

"Huyu wa sasa hachekeshi," mmoja alisema kwa huzuni.

"Hata mimi sichekeshi," Fundi alijibu. Watoto wakamtazama, wakaona ni kweli.

Simu nazo zilikuwa fupi. Mwalimu akisema sentensi tatu, kikohozi kinamkaba. "Niambie wewe," angesema, "mimi nisikilize." Basi Fundi, mtu wa maneno machache, alilazimika kuyatafuta. Alimwambia jirani amepaka ukuta rangi ya bluu. Alimwambia binti amepata alama nzuri za hesabu. Yakimwishia, alinyamaza, na wote wawili wakakaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake.

Jioni moja alimwuliza, "Wameanza dawa?"

"Bado. Daktari anasema tungoje. Kile kipande wamekipeleka maabara nyingine. Wanakipima vinasaba."

"Vina nini?"

"Vinasaba, Fundi. Kwa wiki mbili au tatu."

Fundi alipandisha sauti. "Jina la ugonjwa si wameshalipata? Sasa wanatafuta nini tena? Wewe unakohoa, wao wanapima!"

Mwalimu alikuwa anakohoa.

Siku ya pili yake, jirani yao alileta redio inayokwaruza. Mama huyu alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali ya mji wao. Mtaa ulimwita Mama Hadubini, kwa kile chombo chake cha kuonea vijidudu. Ukimkaribisha maji, kwanza atakuuliza kama umeyachemsha.

Alimkuta Fundi ameishika mita yake ya kupimia umeme, lakini hapimi kitu.

"Jirani, uso huo ni wa nini?"

Fundi akamweleza yote, na hasira yake akaimwaga mezani pamoja na maneno. Mama Hadubini alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigusa ile redio.

"Hii inakwaruza. Badilisha spika, nichukue niende."

"Mama, sijajua kama ni spika. Inaweza kuwa waya umekatika. Lazima nipime kwanza."

"Kwa nini upime? Si inajulikana ni redio, na inajulikana ni mbovu?"

Fundi akaitazama mita mkononi mwake.

"Ndiyo hivyo hivyo, jirani," Mama Hadubini alisema kwa upole. "Saratani ya mapafu ni jina moja, lakini ndani yake mna hitilafu za aina nyingi. Mwili umejengwa na chembe ndogo ndogo. Kila chembe ina maelekezo ya jinsi ya kufanya kazi, na ya lini iongezeke na lini iache. Maelekezo hayo ndiyo vinasaba. Ndani ya uvimbe yameharibika mahali fulani. Chembe zinaambiwa 'ongezekeni' bila kuambiwa 'basi'. Maabara inatafuta mahali palipoharibika."

"Na wakipaona?"

"Kwa baadhi ya hitilafu zipo dawa zake maalumu. Nyingi ni vidonge. Zinakwenda kuizima hitilafu ile. Mwenye hitilafu nyingine akizimeza, hazimsaidii, na zinaweza kumdhuru."

"Wasipopaona?"

"Sitakudanganya. Wengine haionekani hitilafu yenye dawa yake. Hao wanapewa matibabu mengine, kama dawa za dripu. Na mgonjwa aliyezidiwa sana hatangojeshwa, daktari anaweza kuanza kumtibu huku jibu linasubiriwa. Kama mkeo anangojeshwa, ujue daktari ameona kungoja kuna faida."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Mama," alisema, "vinasaba si ndivyo tunavyorithi kwa wazazi? Tumefundishwa. Kwa hiyo hata mimi..."

Hakumaliza.

"Njoo ukae hapa," Mama Hadubini alisema. "Vinasaba vingi tunavirithi, mwalimu wako hajakosea. Lakini wewe unanakili maandishi ya ubaoni, sivyo? Ukinakili kurasa mia, utakosea herufi mahali. Chembe nazo zinajinakili miaka yote. Kosa la mama yako, kwa uwezekano mkubwa sana, limeingia ukubwani, ndani ya pafu lake tu. Hakuzaliwa nalo, hakukupa wewe. Ziko saratani chache zinazotembea kwenye ukoo. Daktari akiona dalili hiyo, atawaita awaambie. Kipimo hiki kinasoma uvimbe. Hakisomi ukoo wenu."

Binti aliitikia kwa kichwa, kisha machozi yakamtoka. Kumbe swali hilo alikuwa amelibeba siku nyingi, akipika nalo, akilala nalo. Fundi alimvuta karibu yake. Aliona aibu kwamba hakuwa amemwuliza hata mara moja.

Wiki moja baadaye, saa za jioni, simu ilipigwa na kaka yake Mwalimu. Alikuwa mwashi, mtu wa mikono mikubwa na moyo mkubwa zaidi. Wazazi wao walikufa mapema, na yeye ndiye aliyemlea Mwalimu.

"Shemeji, furahi! Dawa imepatikana. Mwenzangu kazini, mama yake alikuwa na saratani hii hii ya mapafu. Alimeza vidonge, akanyanyuka kitandani, akaishi miaka miwili. Vimebaki, nami amenipa. Kesho mchana, dada akishakula, anaanza."

Fundi karibu aruke. Aliitikia, akashukuru, akakata simu. Usiku huo angelala vizuri, alijiambia. Lakini akiwa anafunga kibanda, macho yake yaliangukia redio ya Mama Hadubini. Tatizo lake halikuwa spika. Lilikuwa waya mdogo, ambao asingeuona bila mita.

Akapiga simu kwa shemeji yake. Imezimwa. Akampigia mkewe. Haipokelewi. Alikwenda kugonga kwa jirani.

Mama Hadubini alisikiliza maneno mawili tu. "Asimeze!" alisema. "Vile vilipimiwa mtu mwingine. Hitilafu ya mkeo bado hatuijui. Nenda, jirani. Mimi nitakaa na binti."

Fundi alipanda basi la kwanza la asubuhi. Njia nzima aliona kidonge kinaingia mdomoni. Saa sita ilipogonga alikuwa bado yuko stendi ya mji ule, anatafuta njia ya mkato.

Alipoingia sebuleni kwa shemeji yake, aliona glasi ya maji mezani. Pembeni yake kisahani. Juu ya kisahani, kidonge kimoja.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kochi. Alikuwa amepungua. Mifupa ya mabega ilionekana kupitia gauni. Wiki tano Fundi alikuwa akiutafuta uso ule barabarani kila alasiri, na sasa ulikuwa mbele yake, akashindwa kusogea.

"Umekula?" Mwalimu akamwuliza.

"Bado. Na wewe umemeza?"

"Bado. Nilitaka nikusikie kwanza. Simu yangu imeisha chaji tangu jana."

Fundi alikaa chini taratibu. Kisha akamgeukia shemeji yake, akazungumza kwa heshima kama mtu anayezungumza na mkwewe.

"Kaka, naomba asimeze. Dawa hii ilimsaidia yule mama kwa sababu walimpima, wakajua kosa lake. La Mwalimu bado hatulijui."

Mwashi alisimama. "Mimi huyu nimemlea. Nimemfundisha kutembea. Leo anakatika pumzi sebuleni kwangu, na wewe unaniambia ningoje karatasi? Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Haraka haraka haina baraka, kaka."

Mwalimu alitabasamu kidogo. "Methali zenu zinapigana ngumi," alisema, "na uwanja wao ni mimi." Akakohoa, akapumzika, akaendelea. "Hospitali si mbali. Twendeni tukamwulize daktari. Na vidonge tuvibebe."

Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliivaa, akasoma paketi mbele na nyuma.

"Hii ni dawa nzuri," alisema.

Mwashi alimtazama Fundi kwa jicho la ushindi.

"Ni nzuri kwa mtu aliyepimwa akakutwa na hitilafu yake," daktari aliendelea. "Kwa mwingine ni kupoteza muda, na inaweza kuumiza ini. Tena ungeimeza bila mimi kujua, mama, ningeona unaharisha na macho yana manjano, nikadhani ni saratani inapanda. Mmefanya vizuri kuja nayo. Niachieni hapa."

Mwashi alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetua mfuko wa saruji. "Kumbe ningemdhuru mwenyewe," alisema. "Kwa mikono yangu."

"Kaka," Mwalimu alisema, "ulitaka nipone. Hiyo si dhambi."

Daktari alivua miwani. "Nina neno jingine, na si zuri. Maabara imejibu leo asubuhi. Kile kipande kilikuwa kidogo mno. Hakikutosha kupima. Naomba tuchukue kingine."

Mwalimu alijishika ubavu wa kulia.

"Ile sindano tena?" Mwalimu aliuliza.

"Ile tena. Tutakutia ganzi, na tutatoa maji yaliyojaa pembeni ya pafu ili upumue vizuri zaidi."

"Nisipokubali?"

"Tutaanza dawa za dripu. Zinasaidia watu, na nitakupa kwa moyo wote. Lakini huenda dawa inayokufaa zaidi ikabaki kabatini kwa sababu hatukujua. Uamuzi ni wako, mama. Wala si wa mume, wala si wa kaka."

Mwalimu alitazama dirishani kwa muda. Uani, watoto wa wagonjwa walikuwa wakikimbizana. Mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti na kuruka namba saba. Midomo ya Mwalimu ilicheza, kama anataka kumsahihisha.

"Nawataka wale watoto wangu," alisema taratibu. "Nataka darasa langu. Nichomeni."

Fundi alimshika mkono mmoja na mwashi akamshika wa pili, mpaka mlango wa chumba cha sindano. Ilipokwisha, Mwalimu alitoka ameuma mdomo, lakini anapumua kwa kina kuliko miezi mitatu iliyopita.

Jioni ile Fundi ilimbidi arudi. Mkewe alimsindikiza hadi getini tu.

"Nikuletee nini nikija tena?"

"Jilete," Mwalimu alisema. "Mengine nitakuagiza."

Zikapita siku kumi na nane. Fundi alizihesabu zote. Safari hii hakuwa na hasira, na akagundua kwamba hamu bila hasira ni nzito zaidi, kwa sababu haina pa kupigia. Alikwenda kibandani, akarudi ndani. Mara moja alilifungua kabati, akasimama mbele ya magauni ya mkewe, kisha akalifunga polepole kama chumba cha mtu aliyelala. Binti aliona. Siku hiyo alikuja kukaa kibandani na vitabu vyake, akasoma pale mpaka giza.

Siku ya kumi na tisa, mchana, Mwalimu alipiga simu.

"Wameiona," alisema.

"Wameiona nini?"

"Hitilafu, Fundi. Wameiona, na dawa yake ipo. Kidonge kimoja kwa siku. Na unajua? Si kile cha kaka. Ni kingine kabisa."

Fundi aliweka kisu cha kukatia waya mezani. Alitaka kusema jambo kubwa. Alichosema ni, "Umekula?" Mwalimu akacheka, na kicheko hakikuvunjika njiani kwa kikohozi, au kilivunjika kidogo tu.

Wiki ya pili ya vidonge, kikohozi kilipungua. Wiki ya sita, Mwalimu alilala chali bila kuegemea mito mitatu. Tumbo lilimsumbua, na uso ukamtoka vipele vingi kama kijana wa miaka kumi na tano. Hakuacha dawa kwa hasira wala kwa aibu. Alimwambia daktari, akapewa mafuta ya kupaka na dawa ya tumbo. Mwezi wa pili wa vidonge akapigwa picha nyingine. Uvimbe ulikuwa umesinyaa zaidi ya nusu.

"Nenda nyumbani," daktari akamwambia. "Meza kila siku, saa ileile. Njoo kila mwezi nikuone."

Fundi na binti walimpokea stendi. Mwalimu alishuka amejifunika mtandio mpaka puani.

"Usinitazame," alimwambia mumewe. "Nimekuwa kama karanga za kukaanga."

"Nilikuwa nangoja mtu, sikungoja ngozi," Fundi alisema. Kwa mtu wa maneno machache, lilikuwa neno zuri, na Mwalimu akalipokea kwa kuushusha mtandio.

Walitembea polepole. Binti alitangulia na mizigo. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Nikuambie ukweli wote. Daktari amesema kidonge hiki kinaibana saratani, hakiing'oi. Siku moja uvimbe unaweza kubadilika, kikashindwa."

"Lini?"

"Hajui. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine miaka. Ukibadilika, watapima tena, waangalie umegeukia wapi."

Fundi alimshika mkono, wakaendelea kutembea. Moyo wake ulitaka ahadi, na ahadi haikuwepo. Uliokuwepo ni mkono wa mkewe, na mkono huo ulikuwa na joto.

"Basi watapima tena," alisema.

Walipofika, Mama Hadubini alikuwa amewawekea chakula na maji ya kunywa mezani. Aliwahakikishia kwamba yamechemshwa. Mwalimu alimkumbatia kwa muda mrefu, kisha akaingia jikoni.

Hakukaa dakika mbili.

"Nani ameweka masufuria juu? Na chumvi iko wapi? Hii ni kahawa!"

"Mama, nimepanga mimi! Huku ndiko rahisi kufikia."

"Rahisi kwako, mwenye shingo ya twiga!"

"Mama!"

"Na vijiko? Usiniambie vijiko navyo vimehama!"

Fundi alikuwa anakwenda kuwaita waje kula. Alifika kwenye mlango wa jikoni, akasimama. Aliegemea ukuta, akafumba macho, akawasikiliza wakigombana juu ya vijiko. Chakula kilikuwa kinapoa. Hakuwaita.